Kobayi ni nani? Vile wanyama wanasaidia kujua Ebola

Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, watu wengi wa Kivu Kaskazini waliogopa dawa mpya. Walisema: «Wanatufanya kobayi.» Ugonjwa ulifika hata kwetu Kivu Kusini, kule Mwenga, mwezi wa 8 mwaka 2019. Kobayi ni jina la Kifaransa la simbilisi, yule mnyama ambaye familia nyingi za Walungu na Kabare wanafuga kwa nyama. Basi wanyama wana kazi gani katika mambo ya Ebola?

Juu ya nini wanyama?

Mgonjwa anafika kwenye kituo wakati tayari ana homa, anatapika na anahara. Siku za kwanza, wakati virusi vinaingia mwilini, hakuna anayeziona. Na hakuna ruhusa ya kumwambukiza mtu kusudi ili aangaliwe. Kwa hiyo watafiti wanatumia wanyama, ndani ya maabara zenye ulinzi wa kiwango cha 4, kile cha juu kabisa.

Kila mnyama na kazi yake

Panya mkubwa wa maabara haugui kwa virusi vilivyotoka kwa mtu. Ilibidi virusi vipitishwe kutoka panya mmoja hadi mwingine mpaka vikazoea kumwua. Simbilisi pia ni vile. Wanyama hao ni wa bei ndogo, lakini ugonjwa wao haufanani sana na wa mtu. Makaku, tumbili wa Asia, ndio wanakaribia zaidi: virusi vya mtu vinawaua bila kubadilishwa, kwa kawaida kabla ya siku 10.

Kwa makaku ndipo ilionekana, mwaka 2003, kwamba virusi vinaanza kwa kuteka askari wa mwili wenyewe, zile seli ambazo zingetoa alama ya hatari. Kisha vinaenda kwenye ini na bandama. Seli zilizotekwa zinafanya damu igande ndani ya mishipa midogo. Vitu vya kugandisha damu vinaisha, ndipo kutoka damu kunaanza. Lakini wagonjwa wengi hawatoki damu nyingi; wanakufa kwa sababu presha inashuka, na figo na ini vinasimama.

Kutoka Kikwit hadi Beni

Mtu mmoja aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995 alitoa damu yake. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB, Kinshasa, pamoja na watafiti wa nje, walipata humo kinga iliyoitwa mAb114. Makaku walipona hata dawa ilipoanza siku 5 baada ya kuambukizwa.

Lakini dawa nyingine, ZMapp, nayo ilikuwa imeponya makaku wote 18 mwaka 2014. Ni nani angejua ipi ni bora? Kuanzia mwezi wa 11 mwaka 2018, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walikubali kuingia katika jaribio la dawa 4. Waliopewa ZMapp, nusu walikufa. Kwa remdesivir walikufa 53 kwa 100. Kwa mAb114 walikufa 35 kwa 100, na kwa REGN-EB3 karibu 34.

Tofauti inatoka wapi? Makaku anapewa dawa siku inayojulikana. Mgonjwa yeye anafika kila mmoja na siku zake, wengine wamechelewa sana. Wale waliofika virusi vikiwa bado vichache, kwa dawa mbili bora, walikufa karibu 1 tu kwa 10.

Tumbili walionyesha njia. Jibu lilitoka kwa wagonjwa wa Kivu na Ituri na familia zao, na leo dawa hizo mbili ndizo Shirika la Afya Duniani linashauri. Faida yake kubwa iko kwa yule anayekuja mapema.