Pale jedwali la maji liliposhindwa

Muulize mvuvi wa Mombasa maji yatajaa saa ngapi, atakujibu bila kufungua kitabu. Anahesabu mwezi: bamvua, halafu maji mafu. Mnamo miaka ya 1870 huko Uingereza, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliunda mashine ya magurudumu iliyofanya hesabu ya namna hiyo, ikatoa majedwali ya bandari ya mwaka mzima.

Sasa twende Texas, Marekani. Katika Ghuba ya Meksiko maji hupwa na kujaa kidogo tu kwa nguvu ya mwezi. Mara nyingi upepo ndio huamua, na jedwali halijui upepo. Septemba 8, 1900 kimbunga kiliisukuma bahari hadi ndani ya mji wa Galveston, watu zaidi ya 6,000 wakafa. Hata siku zisizo na kimbunga, nahodha lazima ajue kina cha maji kabla ya kuingia bandarini.

Serikali ya Marekani ina kipimo chake: utabiri usikosee zaidi ya sentimita 15, angalau mara 90 kati ya 100. Sehemu nyingi za pwani ya Texas, jedwali lilifeli mtihani huo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Philippe Tissot, Carl Steidley na wenzao wa Chuo Kikuu cha Texas A&M-Corpus Christi walijaribu mitandao ya nyuro, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano. Waliilisha vimo vya maji vilivyopita pamoja na upepo, na matokeo yakalishinda jedwali. Kazi hiyo waliifanya pamoja na wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Iliwezekanaje? Tazama vifaa vyenyewe. Vituo vya pwani vya TCOON vilikuwa vimekusanya vipimo kwa miaka. Mitandao iliyofanya vizuri ilikuwa midogo ajabu, nyuro chache tu, kwa hiyo kompyuta ya kawaida ilitosha. Na kipimo cha sentimita 15 kilimwonyesha kila mtu, profesa kwa mwanafunzi, kama amefaulu au la.

Wengi wetu tuliosomea kompyuta, miradi yetu ya mwisho iliishia kabatini. Hawa walipewa swali ambalo nahodha alikuwa akisubiri jibu lake. Je, chuo chako kina swali kama hilo?