Walimu wa kigeni wa Kiingereza Asia: Mshahara unaishia wapi kila mwezi?

Matangazo ya kazi za kufundisha Kiingereza barani Asia huanza na mshahara. Lakini mwalimu kurudi kwao na akiba au na madeni hutegemea zaidi mambo matatu: nani analipa pango, makato ni kiasi gani, na mkataba unalipa miezi mingapi kwa mwaka.

Hivi ndivyo hesabu inavyokaa katika nchi tatu zinazoajiri walimu wengi wa kigeni.

Korea Kusini: Nyumba ni mshahara wa pili

Shule za serikali zinazoajiri kupitia mpango wa EPIK, pamoja na vituo vingi binafsi vya masomo ya ziada viitwavyo hagwon, humpa mwalimu chumba bure au posho ya pango. Mshahara wa kuanzia mara nyingi ni kati ya won milioni 2 na milioni 2.7 kwa mwezi.

Pango likishatoka kwenye hesabu, kinachobaki ni chakula, simu, usafiri na bili. Bili ya kuchunga ni ya gesi. Nyumba za Korea hupashwa joto kupitia sakafuni, hivyo Desemba hadi Februari bili hupanda sana.

Kingine ni kiinua mgongo. Ukimaliza mwaka mzima kwa mwajiri mmoja, sheria inamtaka akulipe kama mshahara wa mwezi mmoja. Ukiletewa mkataba wa miezi 11, jua pesa hiyo ndiyo inayokwepwa.

Angalizo kwa Afrika Mashariki: viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa Marekani, Canada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Wakala akikuahidi viza hiyo kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, usimpe hata senti.

Japan: Kodi inakuja baadaye

Mpango wa serikali wa JET ulipandisha malipo ya mwaka wa kwanza mwaka 2025, kutoka yeni milioni 3.36 hadi milioni 4.02. Hiyo ni yeni 335,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Pensheni huchukua asilimia 9.15, bima ya afya kama asilimia 5, kisha inafuata kodi ya mapato. Mkononi hubaki takriban yeni 275,000. Pango mara nyingi unalipa mwenyewe.

Mwanzo ndio mgumu. Ukipanga nyumba ya kawaida, unaweza kudaiwa kwa mpigo amana, pango la mwezi wa kwanza, ada ya dalali na reikin, yaani pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hairudi. Jumla inaweza kufika pango la miezi minne au mitano, na mshahara wa kwanza bado haujaingia.

Mtego wa pili ni kodi ya makazi. Hutozwa kuanzia Juni kwa kuangalia kipato cha mwaka uliotangulia, na ni takriban asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi. Mwaka wa kwanza huioni, ikianza mshahara unashuka. Aliyekuwa mkazi wa Japan tarehe 1 Januari anadaiwa hata akiondoka Agosti. Wengi hushtukia bili hiyo wakiwa tayari wanafunga mabegi.

Habari njema: sehemu ya pensheni unaweza kuiomba irudishwe ukishaondoka nchini.

Thailand: Hesabu miezi, siyo mshahara

Shule nyingi hulipa kati ya baht 30,000 na 40,000. Walimu wasiotoka nchi ambako Kiingereza ni lugha ya kwanza mara nyingi hulipwa chini ya hapo, na huombwa cheti cha mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS.

Chumba cha kawaida nje ya katikati ya Bangkok hupatikana kwa baht 6,000 hadi 12,000. Wenye nyumba wengi wanataka amana ya miezi miwili na pango la mwezi mmoja mbele. Kwa chumba cha 8,000, andaa 24,000 siku ya kuingia.

Tatizo kubwa ni likizo. Shule hufungwa Machi na kufunguliwa katikati ya Mei, na mikataba mingi ni ya miezi 10 tu. Mshahara wa 35,000 kwa miezi 10 ni 350,000. Gawa kwa 12, unapata kama 29,000. Hicho ndicho kipato chako halisi cha mwezi, bajeti ipangwe humo.

Kufundisha kwa viza ya utalii ni kosa kisheria. Uliza mapema nani analipia viza ya kazi na kibali, shule au wewe.

Kabla ya kusaini, uliza haya

- Pango analipa nani, na amana ni ya nani siku ya kuondoka?
- Baada ya makato yote, mkononi inaingia shilingi ngapi?
- Mkataba unalipa miezi 10, 11 au 12?
- Mshahara wa kwanza unaingia tarehe ngapi?
- Nauli ya ndege analipa nani, na ya kurudi je?

Kama huwezi kubeba angalau miezi miwili ya matumizi kabla ya kusafiri, usikimbilie ndege. Wanaokwama ugenini mara nyingi hukwama wiki sita za mwanzo, pesa ya kutoka nyumbani ikiwa imeisha na mshahara haujafika.