Kifaa Bila Mwalimu: Somo la Historia kutoka Same

Barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha hupita Same, chini ya Milima ya Upare. Juni 2025 basi kubwa na basi dogo yaligongana wilayani humo na kuwaka moto. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Kila ajali mbaya huacha majeruhi wanaohema kwa shida, na daktari wa zamu, mara nyingi kijana, hulazimika kujibu swali lisilosubiri: kifuani mna nini? Ni hewa iliyonaswa nje ya pafu, au ni damu? Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko Moshi, takriban kilomita 100 kutoka Same. Na mgonjwa wa Mbaga au Chome hana budi kwanza kuteremshwa mlima.

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1816, jijini Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi, akaiweka kifuani mwa mgonjwa na kusikiliza. Hivyo ndivyo stetoskopu ilivyozaliwa. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen akagundua eksirei, na kifua kikaweza kuonekana. Lakini eksirei ilidai umeme, chumba na mtaalamu, na kwa kawaida mgonjwa ndiye aliyepelekwa kwenye mashine.

Altrasaundi ya mkononi imeugeuza mpangilio huo: sasa mashine humfuata mgonjwa kitandani. Pafu zima huonekana likiteleza kwa kila pumzi. Hewa ikiingia kati yake na ukuta wa kifua, mtelezo hukoma. Damu au maji huonekana kama eneo jeusi. Mwaka 2008, Daniel Lichtenstein na Gilbert Mezière walionesha kuwa uchunguzi wa namna hii ulibaini sababu ya kushindwa kupumua kwa usahihi wa asilimia 90.5.

Hata hivyo, tusidanganyike na takwimu. Matokeo hayo ni ya mikono iliyozoea. Pafu lililoganda ukutani kwa sababu ya kifua kikuu cha zamani huweza kukosa mtelezo, ingawa hakuna hewa yoyote nje yake. Daktari asiyelijua hilo anaweza kuchoma sindano mahali pasipostahili.

Hapa ndipo Laennec anapotufundisha zaidi. Kabla ya kuchapisha kitabu chake mwaka 1819, alilinganisha alichokisikia kwa wagonjwa na kilichoonekana walipofariki na kupasuliwa. Ulinganisho huo ndio uliogeuza sauti kuwa elimu. Daktari kijana wa leo anahitaji jambo lilelile: picha zake zikaguliwe na mwenye uzoefu, zilinganishwe na eksirei au matokeo ya upasuaji, naye aambiwe wapi amekosea.

Elimu hiyo si ngeni nchini. Idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili ilianza mwaka 2010, na mwaka huohuo MUHAS ikaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Kazi iliyobaki ni kuifikisha Same, na hata Gonja.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaopanga bajeti, fungu la vifaa tiba linapojadiliwa, ulizeni swali moja la ziada: nani atamfundisha daktari wa zamu, na nani atazikagua picha zake mwezi wa sita baada ya mafunzo? Kama hakuna jibu, tunanunua pambo la kabatini.