Santuri za metali kali, mpya na za kurudiwa

SANTURI, ambayo wengi walidhani imezikwa na kaseti na CD, ingali makao ya muziki wa metali kali, yaani ule wa magitaa ya kukwaruza, ngoma za kasi na sauti za kunguruma.

Miongoni mwa zinazochapishwa upya ni Scum, albamu ya kundi la Napalm Death la Birmingham, Uingereza, iliyotolewa na kampuni ya Earache mwaka 1987. Upande wa kwanza, wenye nyimbo 12, ulirekodiwa Agosti 1986. Wa pili, wenye nyimbo 16, Mei 1987, baada ya wanamuziki kubadilika. Mpiga ngoma Mick Harris ndiye pekee anayesikika pande zote mbili. Anayesikiliza kwa simu huuvuka mpaka huo bila kujua. Mwenye santuri huinuka kuigeuza, ndipo hukutana na kundi jingine.

Kwa upande wa albamu mpya, Afrika Mashariki nayo imo. Mwaka 2020, Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa kwa santuri albamu ya Duma, kundi la Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi, waliochanganya metali hiyo na midundo ya kompyuta.