Mali ya Abdulla: Kazi na Kumbukumbu za Mbuni wa Kanga

Mwenye kupita Kenyamonta, katika wilaya ya Serengeti, huona wanawake wamejifunga kanga zenye maneno ya Kiswahili, ingawa mazungumzo ya nyumbani mwao huenda ni ya Kingoreme au Kikurya. Maneno hayo yametoka mbali, nayo yana waandishi wake. Lakini historia ya mavazi imewataja zaidi wavaaji kuliko wabuni.

Miongoni mwa wachache waliotajwa ni Kaderdina Hajee Essak, mfanya biashara wa Mombasa aliyejulikana pia kwa jina la Abdulla. Duka lake lilianza mwaka 1887, na kanga zake zilitambulikana kwa alama ya K.H.E. pamoja na maneno "Mali ya Abdulla". Yeye ndiye anayesifiwa kwa desturi ya kutia methali katika kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanzo maneno hayo yalipigwa chapa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikashika mahali pake herufi za Kirumi. Kwa hiyo mwanachuoni atakayezipanga kanga kwa miaka yake atakuwa ameipanga pia sehemu ya historia ya maandishi ya Kiswahili.

Jina la nguo yenyewe lina habari yake. Watu wa Mombasa husema leso, neno lenye asili ya Kireno. Unguja na bara husema kanga, kwa jina la ndege mwenye madoadoa. Sehemu zake pia zina majina: pindo huzunguka pande zote, mji uko katikati, na maneno hukaa upande wa chini wa mji. Nguo huuzwa doti, yaani vipande viwili.

Hata hivyo yafaa kuuliza: alama ya mwenye duka yathibitisha kuwa yeye ndiye mbuni? Sivyo kabisa. Mwenye duka aliagiza. Mchoraji wa kiwandani, aliyekuwa ng'ambo, alichora. Na wanawake wa pwani, kwa kununua au kukataa, waliamua lipi lidumu. Kanga zilipigwa chapa Ulaya, na baadaye India na Japani pia, kabla ya viwanda vya hapa, kama Urafiki wa Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 1968. Alama ya K.H.E. ni ushahidi wa umiliki. Ya mkono uliochora haisemi kitu.

Tena, karatasi za kazi hii hazikukaa mahali pamoja. Huko Helmond, Uholanzi, kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mwaka 1846, imehifadhi vitabu vya sampuli za kanga zilizokusudiwa soko la Afrika ya Mashariki. Basi kiwanda kimetunza kielelezo, lakini hakikutunza maana; maana ilibaki kwa aliyenunua na kwa jirani aliyesomeshwa maneno yale kimya kimya.

Kumbukumbu hiyo ya pili ndiyo iliyo hatarini. Kanga ikichakaa huwa mbeleko, kisha tambara, na maneno hufutika kabla ya nyuzi kukatika. Kwa hiyo mkusanyaji asichukue nguo peke yake. Aandike pamoja nayo mwaka iliponunuliwa, mahali, sababu, na vile mwenyewe anavyoyafasiri maneno yake, Mombasa na Kenyamonta sawasawa.