Meigs Field: Uwanja wa Ndege Uliovunjwa Usiku

Rubani aliyekuja Meigs Field kutokea kaskazini alifuata ukingo wa Ziwa Michigan. Kuume kwake maghorofa ya Chicago yalimpita moja baada ya jingine: John Hancock lenye mita 344, kisha kwa nyuma Sears Tower lenye mita 442. Kushoto hakukuwa na kitu ila maji. Juu yake zilipishana ndege kubwa za uwanja wa O'Hare, ambazo hakutakiwa kuzikaribia. Na mbele, kwenye kipande chembamba cha ardhi kilichochomoza ziwani, ilimsubiri njia moja tu ya lami yenye urefu wa mita 1,190 hivi.

Kutua pale kulitaka mkono mtulivu. Njia ilikuwa imelazwa kaskazini–kusini, hivyo upepo wa magharibi ulipovuma uliipiga ndege ubavuni, tena ukiwa umeshavurugwa na majengo marefu. Rubani alilazimika kuinamisha bawa upande unakotoka upepo na kukanyaga pedali za usukani wa mkia, ili magurudumu yaguse lami ndege ikiwa imenyooka. Mwenye ndege ya injini moja alikuwa na hesabu nyingine kichwani: injini ikizimika hapa, kimo nilichonacho kitanifikisha nchi kavu? Mwezi wa Machi maji ya Michigan huwa baridi kiasi kwamba aliyetumbukia hana muda mrefu wa kusubiri waokoaji. Lakini akishatua, zilibaki dakika chache tu za teksi kufika katikati ya jiji, na hiyo ndiyo sababu watu waliupenda uwanja huu.

Ardhi yenyewe ilitengenezwa na watu. Mwaka 1909 mbunifu Daniel Burnham, akishirikiana na Edward Bennett, alitoa ramani ya Chicago mpya, na ndani yake alichora mlolongo wa visiwa vya kujengwa mbele ya jiji ili wananchi wapate bustani na upepo wa ziwa. Kati ya visiwa hivyo kilijengwa kimoja tu, Northerly Island, katika miaka ya 1920. Mwaka 1933 na 1934 kilibeba sehemu ya maonyesho makubwa ya dunia yaliyoadhimisha miaka 100 ya Chicago. Baadaye kikaunganishwa na nchi kavu.

Maonyesho yalipokwisha, macho ya wapenda ndege yaliishia hapo. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Merrill C. Meigs, mchapishaji wa magazeti ambaye pia alikuwa rubani. Hoja yake ilikuwa kwamba mfanyabiashara anayefika Chicago kwa ndege asipoteze muda wake barabarani. Uwanja ulifunguliwa Desemba 10, 1948, na muda si mrefu ukapewa jina lake. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 ulihesabiwa kuwa na shughuli nyingi kuliko uwanja mwingine wowote wa njia moja nchini Marekani. Mwaka 1961 ukapata jengo jipya la abiria. Wafanyabiashara waliutumia, na wanasiasa wa jimbo la Illinois nao wakaufanya lango lao la kwenda na kurudi Springfield, makao makuu ya jimbo. Hilo la wanasiasa msomaji alikumbuke, maana linaeleza mengi ya mbele.

Meigs ulijulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Marekani. Bruce Artwick, aliyesoma Chuo Kikuu cha Illinois, ndiye aliyebuni mchezo wa kompyuta wa kuendesha ndege ambao kampuni ya Microsoft iliutoa mwaka 1982. Ulipoufungua, ndege yako ilikuwa tayari kwenye njia ya Meigs, ziwa na maghorofa yakionekana dirishani. Matoleo mengi yaliyofuata yakaanzia hapohapo. Wako marubani wa leo ambao "waliruka" Meigs kwa vidole miaka mingi kabla ya kushika usukani wa ndege ya kweli.

Ugomvi ulikuwa juu ya ardhi. Mmiliki wake alikuwa Chicago Park District, mamlaka ya bustani za umma, na mkataba wa upangaji ulikwisha mwaka 1996. Meya Richard M. Daley akaufunga uwanja akitaka pageuzwe bustani. Bunge la jimbo likamwekea ngumu, na Februari 1997 ndege zikarudi. Mwaka 2001 Daley alipatana na Gavana George Ryan kwamba uwanja ubaki hadi 2026, ila makubaliano hayo yalihitaji sheria ya taifa, na sheria hiyo ilikwama katika Seneti mwishoni mwa 2002.

Daley hakuwa mtu asiye na hoja. Burnham alikitaka kisiwa kile kwa ajili ya watu wote, wakati uwanja uliwahudumia wachache wenye uwezo wa kuruka. Mimi mwenyewe naona hoja hiyo ni nzito, na mbele ya wapiga kura angeweza kuitetea mchana kweupe.

Hakufanya hivyo. Usiku wa Jumapili, Machi 30, 2003, matingatinga yaliingia uwanjani yakisindikizwa na polisi, yakachimba alama kubwa za X katikati ya njia. Kulipokucha, ndege 16 zilikuwa zimenaswa kwenye maegesho, wenyewe hawana habari. Ndege moja iliyokuwa njiani kuja ililazimika kuelekezwa kwingine. Daley alijitetea kwamba baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, alihofia ndege ndogo kuruka karibu mno na maghorofa. Siku zilizofuata, ndege zilizonaswa ziliruhusiwa kuondoka kwa kutumia njia ya pembeni, ile ambayo kwa kawaida ndege huipitia taratibu kuelekea mahali pa kurukia.

Kuvunja njia ya ndege bila kuwaonya marubani ni kuchezea roho za watu, na anayefanya hivyo kwa jina la usalama anajipinga mwenyewe. Sheria ilidai mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ipewe taarifa siku 30 kabla. Faini ilikuwa dola 1,100 kwa siku, hivyo jiji likatozwa dola 33,000, fedha ndogo sana kwa jiji la ukubwa ule. Mwaka 2006 Chicago ilikubali kulipa faini hiyo, na pia kurudisha dola milioni 1 za fedha za viwanja vya ndege ilizozitumia kwa ubomoaji.

Leo Northerly Island ina bustani, njia za matembezi na ukumbi wa wazi wa muziki, na jengo la abiria la 1961 bado limesimama. Bunge la taifa nalo lilipitisha mwaka huohuo wa 2003 kifungu chenye jina la Meigs: wakati huo, aliyefunga uwanja wa ndege bila taarifa angetozwa hadi dola 10,000 kwa kila siku.