Ajali na Muhula Wake Kojani

Neno ajali, ambalo leo hutujia kinywani tusikiapo kwamba gari limepinduka au mtu ameanguka mkarafuu, lilipotoka Uarabuni lilikuwa na maana nyingine kabisa. Kwa Waarabu ni muda uliowekwa, siku ya mwisho ya deni kulipwa au ya roho kutolewa, na wazee wa mwambao walipomzika mtu wakasema ajali yake imefika, walikusudia kwamba hesabu ya siku zake imetimia. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu sheria za fidia kwa walioumia kazini zimezikutanisha tena maana hizo mbili zilizokuwa zimeachana: dhara lililompata mtu, na muhula ambao ukipita haki yake yafa.

Kojani ni kisiwa kidogo ubavuni mwa Pemba, upande wa mashariki, katika Wilaya ya Wete. Nyumba zake zimesongamana, ardhi ya kulima ni haba, na watu wake tangu zamani wamekuwa wakiilima bahari. Tena si bahari ya mlangoni pao tu, kwani Mkojani ajulikana pwani nzima kwa dago, yaani kufunga safari na chombo na nyavu, kupiga kambi ugenini, Unguja, Tanga, Mafia na hata pwani ya Kenya, na kukaa huko wiki au miezi kwa kufuata bamvua na maji mafu, mpaka mfungo au Idi imrudishe kwao.

Katika kazi hiyo dhara halikosi. Kamba ya nanga hukata vidole, foromali huteremka kwa kishindo juu ya bega la mtu, taa aliyenaswa wavuni humchoma baharia mguuni kwa mwiba wake, na mzamiaji hurudi juu sikio likivuja damu. Lakini tazama malipo yanavyokwenda. Samaki wakishanadiwa, kwanza hutolewa gharama za safari, chakula na barafu na siku hizi mafuta ya mashine; kisha chombo hupata fungu lake na nyavu fungu lake, na kinachobaki ndicho wanachogawana mabaharia, nahodha akizidishiwa kwa dhamana aliyoibeba. Mwenye chombo huitwa tajiri, lakini mshahara hatoi, na siku bahari ikigoma, yeye na baharia wote hulala mikono mitupu, ijapokuwa, nakiri, mikono ya tajiri huwa mitupu kwa namna nyepesi zaidi.

Mwaka 1897 ulikuwa na mambo mawili ambayo sijaona yakiwekwa pamoja. Mwezi wa Aprili Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuivunja hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, na amri hiyo ilikuwa na fidia ndani yake: aliyelipwa ni bwana aliyethibitisha milki yake, wala si mtumwa aliyeumia maisha yake yote. Mwezi wa Agosti mwaka uo huo Bunge la Uingereza, dola iliyokuwa ikiilinda Zanzibar, lilipitisha sheria ya kumfidia mfanyakazi aliyejeruhiwa kazini pasi na kumlazimu athibitishe kosa la tajiri wake, na likaweka sharti kwamba habari ya ajali itolewe mapema iwezekanavyo, na dai lifikishwe ndani ya miezi sita.

Sheria hiyo ilipoandikwa upya mwaka 1906 iliwaingiza mabaharia, na ikamwonea huruma aliyechelewa kwa sababu ya maana, mathalani kuwa nje ya nchi. Ungedhani waliandika wakimfikiria mtu wa dago. Lakini kifungu cha 7 kiliwatoa waziwazi mabaharia wa vyombo vya uvuvi wanaolipwa kwa mafungu ya mapato. Mvuvi wa pwani ya Uingereza aliyegawiwa fungu lake kama agawiwavyo Mkojani aliachwa gatini akiitazama sheria ikipita.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Tanganyika na Kenya zikapata sheria zao kwa mfano huo wa Kiingereza, zikishikilia mkataba wa kazi kuwa ndio mlango wa kuingilia. Zanzibar ya leo ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 1986, iliyorekebishwa 2005. Tanzania Bara ina sheria ya 2008, ambayo Mfuko wake ulianza kazi Julai 2015. Kenya ina ya 2007. Bara na Kenya muhula sasa ni miezi 12. Kwa hiyo mtu wa dago huweza kuumia Tanga chini ya sheria moja na kuuguzwa Kojani chini ya nyingine, maana Mfuko wa Bara hauvuki bahari kumfuata.

Wala Wakojani si wageni wa mihula. Mjane wao hukaa eda miezi minne na siku kumi, na hazidishi wala hapunguzi. Juu ya aliyepotea baharini asijulikane yu hai au amekufa, ambaye wanazuoni humwita mafakudi, madhehebu ya Maliki yamempa mke wake subira ya miaka minne kabla ya kadhi kuhukumu. Kenya, ambako Wakojani pia hupiga dago, dai la kifo huhesabiwa tangu siku ya kufa. Sasa chombo kisichorudi, kisicho mwili wala mbao iliyookotwa, siku yake ni ipi? Fikihi ililiuliza suala hili karne nyingi kabla ya mabunge, na nadhani ililiuliza vyema zaidi.

Jambo moja lawafaa watu wa kisiwa hiki. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, na familia ihesabuyo miezi 12 kwa kuandama kwa mwezi, tangu Mfunguo Mosi hata Mfunguo Mosi, itafika mbele ya karani na siku kumi na moja mkononi. Karani ataifungua fomu, na kabla hajauliza siku ya ajali atauliza jina la mwajiri.